Bukavu: Taa ya mafuta inawaka, je, pompi kubwa itaokoa moteri?

Shoferi wa teksi anapanda kutoka Nyawera kwenda Kadutu. Moteri imeshapata moto. Anaposimama kuchukua mteja, taa nyekundu yenye picha ya kibirika inawaka kwenye tablo. Akikanyaga mafuta kidogo, inazima. Akifika garaji, jibu linalorudi mara nyingi ni hili: pompi ya mafuta imechoka, tutie ingine yenye nguvu zaidi, kama haiko basi tuitoe kwenye moteri kubwa.

Zamani mwenye gari angeweza kufikiria kuuza hiyo Corolla na kuongeza feza apate ingine. Leo mambo ni magumu. Tangu Februari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa AFC/M23, mabenki ya biashara yalifunga milango, na mkopo wa kununua gari si jambo la kuzungumzia. Kwa hiyo Corolla na Carina za miaka ya 1990, zile za usukani wa kulia zilizotoka Japani, zinaendelea kutengenezwa na kutengenezwa tena. Shoferi naye iko na deni la kila jioni: lazima amletee mwenye gari feza ya siku, gari liwe zima au libovu. Ndiyo maana neno "pompi yenye nguvu" linaingia masikioni vizuri sana.

Lakini pompi haitengenezi presio peke yake. Kazi yake ni kusukuma mafuta. Presio inapatikana kwa sababu mafuta yanapita kwa shida katika nafasi nyembamba kati ya vilbrekeni na kusineti zake, vile vipande laini ambamo vilbrekeni inazungukia. Kwenye moteri nzima, nafasi hiyo ni sehemu chache za mia za milimita. Ikipanuka kwa kulika, mafuta yanakimbia, presio inashuka.

Hapa ndipo hesabu inapowakataa wengi. Nafasi ikiongezeka mara mbili, mafuta yanayoponyoka hayaongezeki mara mbili, yanaongezeka karibu mara nane. Pompi inayoitwa kubwa, kwa kawaida, inaongeza asilimia 20 au 25 tu ya mafuta. Asilimia 25 dhidi ya mara nane! Taa inaweza kuzima, ndiyo, kwa wiki kadhaa. Kusineti zinaendelea kulika kimya kimya, na sasa shoferi haoni tena onyo.

Kuna ufundi mwingine unaofanyika kwa bei ya chini: kutia rondeli chini ya resori ya valvu ya pompi ili iwe ngumu. Valvu hiyo inafunguka presio inapopita kiasi, yaani moteri inapozunguka kwa kasi. Taa ya shoferi wetu inawaka wakati moteri inazunguka polepole, valvu ikiwa imefungwa. Rondeli haimsaidii hata kidogo. Na yule anayekata waya wa taa, huyo hatengenezi kitu.

Ni kweli pompi zenye nguvu ziko na mahali pake. Katika mashindano ya magari, ambako moteri inapita mizunguko 7,000 kwa dakika, watu wanatia meno ya pompi ya chuma kigumu kwa sababu yale ya kiwanda yanaweza kupasuka. Teksi ya kutoka Essence kwenda Panzi, ndani ya msongamano na mashimo, haifiki huko. Pompi ya kawaida iliyo nzima inaitosha.

Basi shoferi afanye nini? Kwanza aangalie kiasi cha mafuta, gari likiwa mahali sawa, si kwenye mteremko. Bukavu ni mji wa milima: mafuta yakipungua, katika kupanda yanakimbilia upande mmoja wa karteri, krepini inabaki inavuta hewa, na taa inawaka bila pompi kuwa na kosa. Kisha amwombe mekanisie atoe sonde ya taa na kufunga manometri mahali pake. Ni kazi fupi. Sonde mbovu inaweza kudanganya, manometri inaonyesha presio yenyewe, moteri ikiwa baridi na ikiwa moto. Presio ikiwa kweli ndogo, karteri ifunguliwe: krepini iliyozibwa na tope jeusi au vipande vya silikoni inasafishwa tu. Mafuta mepesi mno au ya kupimiwa kwenye bidoni, yasiyojulikana yalikotoka, nayo yanashusha presio.

Kwenye hizo Corolla za moteri 4A na 5A, pompi iko mbele, kwenye vilbrekeni. Kuitoa kunadai kufungua mkanda wa distribisio na karteri. Kwa maneno mengine, mekanisie anayebadilisha pompi ameshafika mlangoni pa kusineti. Asipoziangalia, ni uzembe, na mwenye gari atalipa kazi ileile mara mbili.

Abiria nao wanahusika. Moteri ikikwama kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Nyangezi na Kamanyola, usukani unakuwa mzito, na frein inabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu tu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Katika barabara ile, kila mtu anajua bonde liko upande gani.

Kabla ya kulipa dola za pompi, mwenye gari aombe kuonyeshwa kusineti moja mkononi. Ikiwa bado na rangi ya kijivu sawasawa na haina mikwaruzo, pompi ipimwe, na ikionekana imelika, ibadilishwe kwa ya aina yake. Ikiwa rangi ya shaba imeshatokea, feza hiyo iende kwenye kusineti na vilbrekeni kwanza.