Ngwair tulimlilia mwenyewe

Ndugu mwandishi, makala nimeisoma yote na mengi nakuunga mkono, ila hapo uliposema tunaomlilia msanii tunalilia ujana wetu tu, hapana, sikubali. Mei 28, 2013 habari zilipokuja kwamba Albert Mangwea, yaani Ngwair, amefariki Afrika Kusini nilikuwa dukani nauza, nikashindwa hata kumhesabia mteja chenji yake. Ngwair nilimjua kwa mistari. "Ghetto Langu" niliinakili kwenye kaunta buku, kila redio ikiupiga wimbo najazia maneno yaliyonipita, kaka yangu kashika kitufe cha sauti mama asije akaamka. Yule alikuwa anachana kama mtu anayekupigia stori kijiweni, hana haraka, na kijana wa chumba kimoja cha kupanga akajisikia ametajwa. Mtu wa namna hiyo akiondoka, hata nyimbo alizokuwa hajatunga zimeondoka naye. Hilo halihusu umri wangu kabisa.

Na wewe mdau hapo juu unayesema msanii "hata jina lako halijui", sawa, lakini uliona Leaders Club Aprili 2012 siku ya kumuaga mwigizaji Kanumba? Ule umati ulikuwa na watoto wa shule ambao ujana wenyewe walikuwa hawajauanza. Wao walikuwa wanalilia nini? Mimi Kihonda nilifika kumzika Ngwair, na pale Morogoro hakuna aliyeniuliza mimi ni nani kwa marehemu. Walinisogezea nafasi nikasimama nao.