Chokea si adhabu ya kuchungulia

Kwetu mtu akiamka na chokea, swali la kwanza ni, "Ehe, ulimchungulia nani?" Mzaha huo tumekuja nao mpaka majuu. Baridi iliyopita niliota chokea mara tatu, na kila nikikatiza Rye Lane hapa Peckham washikaji wananicheka mpaka basi. Nikacheka nao, nikavaa miwani ya jua, nikanyamaza. Hapo ndipo nilipokosea.

Kuota chokea mara moja si neno. Huisha baada ya wiki moja au mbili. Lakini ukipona ukaota tena, huku kope zinawasha, zina magamba na asubuhi zimegandamana, huenda ni blefaraitisi, yaani uvimbe sugu wa kingo za kope. Hauambukizi, na mara nyingi hauko peke yake. Huandamana na mba, au na rosasia, ugonjwa wa ngozi unaomfanya Mzungu awe mwekundu mashavuni. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo haujitokezi vizuri, hivyo ugonjwa hupita bila kutambuliwa. Kuota chokea kila mara kunaweza pia kuwa dalili ya kisukari, maana sukari ikizidi mwili hushindwa kupambana na bakteria. Na sisi Waafrika hapa Uingereza tunahesabiwa kuwa na hatari zaidi ya kisukari aina ya pili tukishapita miaka 25, Wazungu, 40.

Sasa mimi naona tunajidhulumu wenyewe. Mwanafunzi mwenye viza analipia NHS pauni 776 kwa mwaka hata kabla hajapanda ndege, halafu anakaa mwaka mzima hajajiandikisha kwa GP! Ni kama kulipia pilau ukaondoka na njaa. Najua, boksi na mitihani havingoji. Lakini kumwona GP ni bure, na macho ndiyo tunayosomea.

Mimi nilipokwenda hatimaye, niliulizwa habari za mba na nikapimwa sukari. Sukari ilikuwa salama. Mba ndiyo ilikuwa tatizo. Nikapewa shampuu, nikaambiwa kila siku nikande kope kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, kisha nizifute taratibu.

Washikaji bado wananiuliza nilimchungulia nani. Nami nawauliza: jamani, mmeshajiandikisha kwa GP?