Tusiihukumu Kompyuta Kabla ya Kujua Lugha ya Televisheni

Askari wa mpakani ajua vema kwamba mtu asiyejibu anaposemeshwa si lazima awe na hatia. Yawezekana hakuielewa lugha aliyosemeshwa, na kwa hiyo hutafutwa mkalimani kabla ya pingu. Busara hiyo twaitumia kwa wanadamu, lakini kwa vyombo twaisahau, na hasara yake ni kubwa kuliko tudhanivyo.

Tutazame ufuko wa Ziwa Mweru. Upande wa Zambia iko Nchelenge pamoja na Kashikishi. Ng'ambo ya maji, katika Kongo, ziko Kilwa na Pweto. Watu, samaki na bidhaa wamevuka ziwa hilo tangu zamani. Mwaka 2017 wakimbizi wengi kutoka Kongo walipokelewa Kenani, na mwaka uliofuata wakafunguliwa makazi ya Mantapala, humo humo wilayani Nchelenge. Na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Panapovuka watu, huvuka na vyombo vyao.

Sasa, kwa miongo mingi Zambia ilirusha televisheni kwa utaratibu uitwao PAL, ilhali Kongo, hata ilipoitwa Zaire, ilifuata utaratibu wa Kifaransa uitwao SECAM. Basi katika ufuko mmoja zaweza kukutana televisheni mbili za zamani zilizofanana kwa sura, kumbe kila moja ina lugha yake. Mtu akiiunganisha kompyuta ya zamani ya Uingereza na televisheni iliyotoka ng'ambo, huenda picha ikaja bila rangi na bila sauti. Papo hapo hukumu hutolewa: "Kompyuta imekufa." Hutupwa jalalani, au huvunjwa kwa ajili ya shaba.

Maoni yangu ni kwamba hukumu ya namna hiyo ni ya haraka mno, na kwamba kambi au kituo chochote chenye chombo cha aina hii kisikifute katika daftari la mali kabla ya kukipima kwa utaratibu.

Yafaa kwanza tuelewe kwa nini kompyuta hizo hutegemea televisheni. Sinclair ZX81 ilitoka mwaka 1981. BBC Micro ikafuata mwishoni mwa mwaka huo. Sinclair ZX Spectrum na Commodore 64 zikatoka mwaka 1982. Zilikusudiwa kwa nyumba za watu wa kawaida, na ili bei iwe nafuu, kioo cha kutazamia hakikuuzwa pamoja nazo. Mnunuzi alitazamiwa kutumia televisheni aliyokuwa nayo. Ndani ya kompyuta mlitiwa kisanduku kidogo cha bati chenye kazi ya kuigeuza picha kuwa mawimbi, kama kwamba ni kituo kidogo cha utangazaji. Katika mashine za Uingereza kituo hicho kwa kawaida kiko katika chaneli ya 36 ya UHF, karibu na megahezi 591. Waya hutoka hapo ukaingia katika tundu la antena.

Ukilifahamu jambo hilo, upimaji huwa kazi ya hatua kwa hatua, kama ukaguzi wa silaha.

Hatua ya kwanza ni umeme. Transfoma ya Spectrum hutoa volti 9, na ncha yake ya kati ni hasi, kinyume cha transfoma nyingi za leo. Ukiichomeka ya kubahatisha, waweza kuiua mashine iliyokuwa hai. Transfoma ya Commodore 64 ikizeeka, upande wake wa volti 5 huweza kupanda na kuunguza viungo vya ndani, basi ipimwe kwa mita kwanza. Na kompyuta iliyotoka Marekani ilitengenezwa kwa volti 120. Umeme wa Zambia ni volti 230.

Hatua ya pili ni kuitafuta chaneli kwa mkono, huku kompyuta ikiwa imewashwa. Televisheni za zamani zilizopokea VHF peke yake hazitaiona kamwe chaneli ya 36, na hilo si kosa la kompyuta. Spectrum iliyo nzima huonyesha ukurasa mweupe wenye mstari mmoja wa maandishi chini. Commodore 64 huonyesha ukurasa wa buluu na neno la kusema kwamba iko tayari.

Hatua ya tatu ni sauti na rangi. Hata PAL yenyewe ina lahaja. Katika lahaja ya Uingereza sauti imetengwa na picha kwa megahezi 6. Katika ile iliyotumika Zambia ni megahezi 5.5. Kwa hiyo Commodore ya Uingereza yaweza kuleta picha safi mbele ya televisheni ya Zambia, lakini sauti ikawa mvumo mtupu. Spectrum ya mwaka 1982 haina shida hiyo, maana kipaza sauti chake kimo ndani yake.

Hatua ya nne ni kuukwepa mzunguko wote wa mawimbi. Commodore 64 na BBC Micro zina tundu la pili litoalo picha kabla haijageuzwa, nayo huingia moja kwa moja katika tundu la AV la televisheni. Njia hii ndiyo bora kwa televisheni bapa za siku hizi, ambazo nyingi hutambua PAL na SECAM pia. Tukumbuke kwamba mkataba wa Geneva wa mwaka 2006 uliiweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa kulindwa kwa matangazo ya analogi katika sehemu kubwa ya Afrika. Tangu hapo zimezidi televisheni zisizotafuta analogi kabisa. Wala king'amuzi hakisaidii, kwa kuwa hicho hupokea mawimbi ya dijitali tu.

Wako watakaouliza: ya nini taabu yote hii, ilhali simu ya mfukoni ina nguvu mara elfu nyingi kuliko Spectrum ya kilobaiti 48? Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba simu huficha kazi yake, na mtoto huipokea kama mlaji. Kompyuta ya zamani huwaka papo hapo, ikangoja amri. Asipojua kuiamuru, haifanyi lolote. Waingereza wenyewe waliona pengo hilo. Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu iliyotoka Cambridge mwaka 2012, ilibuniwa kwa nia ya kuwarudishia vijana mazoea yale ya BBC Micro. Mtoto wa askari katika kituo cha ufukoni, mbali na miji mikubwa, anayo haki ya kujifunza kuamuru mashine, hata kama mashine yenyewe ina umri kuliko baba yake.

Lakini bidii isizidi akili. Televisheni ya kioo kinene hubeba ndani yake umeme wa zaidi ya volti 20,000 ikiwa ni ya rangi, na sehemu ya umeme huo huweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Asiifungue mtu asiye fundi, awe na cheo gani. Nyakati za masika, radi inapokaribia, uchomolewe waya wa umeme na wa antena pia.

Hivyo basi, ndugu askari na polisi, kila penye chombo cha namna hii itengwe televisheni moja ambayo utaratibu wake unajulikana, na ubaoni pabandikwe karatasi moja yenye hatua hizi nne. Ikiwa chombo kimepimwa kwa haki na kikashindwa, kifutwe daftarini bila majuto. Kisipopimwa, aliyekifuta amewanyima watoto wa kambi shule ambayo tayari ilikuwa imelipiwa.