Kiingereza cha mtoto nacho kina alifu yake



Ijumaa hii tunapenda kuzungumza na wazazi wenzetu, hasa wa mkoa wa Singida, juu ya jambo ambalo huenda baadhi wakaona si la ukurasa huu: namna watoto wetu wanavyofundishwa lugha ya Kiingereza.

Tulipata kumtembelea jamaa yetu katika kijiji kimoja wilayani Ikungi. Kwa fahari alimwita kijana wake, aliyekuwa kidato cha kwanza, atusomee kitabu cha Baiolojia. Kijana akasoma ukurasa mzima bila kukwama, sauti ikipanda na kushuka kama ya msomaji hodari. Baba akatutazama, nasi tukatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha tukamwuliza kijana kwa upole, "Mwanangu, ukurasa huu unazungumzia nini?" Akainama. Tukamwuliza maana ya neno moja, kisha jingine; hakujua hata moja. Na mtoto huyo hakuwa mjinga, kwani juzuu nne za Qur'ani Tukufu alikuwa nazo moyoni.

Tujiulize, mtoto kama huyo amefikaje kidato cha kwanza? Mtoto wa Ilongero au Puma huanza kusema kwa Kinyaturu, wa Kiomboi kwa Kinyiramba, na wengine katika mkoa huu kwa Kitaturu. Kiswahili hukisikia sokoni na redioni, lakini hasa hukipata darasani. Chuoni hukutana na herufi za Kiarabu. Halafu, akivuka tu mlango wa sekondari, takriban masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza, na mtihani unamwuliza habari za mmea anaoujua vyema, pengine alizeti ya shambani kwa baba yake, kwa maneno asiyoyajua. Wiki chache za matayarisho mwanzoni mwa kidato cha kwanza haziwezi kuziba pengo la miaka.

Wako wazee wetu waliokuwa wakisema kwamba lugha hii ni ya watu wengine na haituhusu. Hoja hiyo haina mashiko. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alimwamuru kijana Zayd bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili barua zisomwe kwa uaminifu, naye akayajua katika muda mfupi. Lakini siku hizi kosa letu ni jingine: tumekipenda Kiingereza kwa pupa. Mzazi mwenye uwezo hukimbilia shule ya ada mjini, na mtoto akirudi na salamu mbili za Kiingereza, nyumba nzima hushangilia. Hatuulizi kilichofuata baada ya salamu.

Sisi Waislamu tulipaswa kuwa wa mwisho kuhadaika hivyo, kwa sababu tunaijua njia ya kumwingiza mtoto katika lugha ngeni. Chuoni hakuna mtoto anayepewa Msahafu siku ya kwanza. Huanza na alifu, akazijua herufi moja moja, kisha fataha, kasra na dhumma, kisha kuunganisha, kisha sura fupi za Juzuu Amma. Mtoto wa miaka saba anaweza kuwa amefika Amma, na mwenzake wa miaka kumi na miwili bado yuko kwenye herufi, wakaketi mkeka mmoja na hakuna anayechekwa. Chuoni mtoto hupanda kwa kujua. Shuleni, kwa kawaida, hupanda kwa kufika Januari.

Hata ugumu wa tahajia ya Kiingereza si mgeni kwa mtoto wa chuoni. Kiswahili humzoesha kwamba kila herufi hutamkwa. Akikutana na neno la Kiingereza lenye maana ya kisu, "knife", ambalo herufi yake ya kwanza haitamkwi, hubabaika. Lakini mtoto huyo huyo anasoma Surat Ash-Shams, na anajua fika kwamba ile lamu imeandikwa na haitamkwi. Mwalimu wa shule akimkumbusha hilo, nusu ya hofu itamtoka.

Hapa yatupasa tuseme ukweli, ingawa unatugusa wenyewe. Yule kijana wa Ikungi alisoma Baiolojia kama alivyozoea kusoma chuoni: matamshi safi, maana hakuna. Vyuo vyetu vingi huishia kwenye sauti. Haukuwa huo mwendo wa sahaba, kwani Abu Abdirrahman As-Sulami, katika tabiina, amepokea kwamba waliomsomesha walikuwa wakichukua aya kumi, wasiende mbele mpaka wajue maana yake na kuitenda. Kwa Kiingereza ni vivyo hivyo. Mtoto asikie kwanza na kutii: simama, keti, lete maji. Kisha ataje vitu vya nyumbani, kisha aseme sentensi yake mwenyewe, na hapo ndipo apewe kitabu, chepesi, cha maneno ambayo sikio lake limekwisha kuyazoea. Kuandika kufuate.

Jambo hili lina haraka. Mtaala mpya, ulioanza kutumika Januari 2024, umeleta stadi za mawasiliano ya Kiingereza tangu darasa la kwanza, nasi tunaliunga mkono hilo. Lakini umepunguza pia miaka ya msingi kutoka saba hadi sita, na kwa utaratibu uliotangazwa, walioingia darasa la tatu mwaka huo watahitimu mwaka 2027 pamoja na kaka na dada zao wa darasa la saba. Watoto hao hawakukianza Kiingereza kwa mtaala huo tangu darasa la kwanza, na wana mwaka mmoja pungufu. Huko kwetu, mtama na uwele ukianza kukomaa, wapo wanaotolewa darasani kwenda kuwinga ndege. Akirudi baada ya wiki tatu, darasa limekwisha kuvuka hatua yeye hakuwapo, wala hakuna wa kumrudisha nyuma.

Rai yetu kwa kamati za misikiti ni hii. Jumamosi asubuhi, baada ya darasa la Qur'ani, vyumba vya madrasa vibaki wazi saa moja. Waislamu walimu wa sekondari hawakosekani mkoani. Waombwe kwa heshima, walipwe nauli. Watoto wapangwe kwa walipofika, bila kujali wa darasa la ngapi, na binti asiachwe nyumbani kwa kazi za jikoni. Mwalimu awe na daftari moja la kuandika nani yuko hatua gani, kama anavyofanya ustadhi, na mzazi apite kulitazama kabla hajauliza habari za shule za mjini.