Mawakili Waliolala Warudi, Lakini Wapitie Mlangoni



Harakati za kudai vyama vingi zilisimama juu ya nguzo mbili: mimbari ya kanisa na meza ya wakili. Tarehe 1 Januari 1990 Mchungaji Timothy Njoya alithubutu kusema kanisani yale ambayo wengi walikuwa wakinong'ona nyumbani. Mwaka 1991 Paul Muite, mara alipochaguliwa kuongoza Chama cha Mawakili wa Kenya, alidai vyama vingi hadharani. Kabla yao John Khaminwa aliwekwa kizuizini mwaka 1982, na Gibson Kamau Kuria mwaka 1987, kwa kosa la kuwatetea waliotiwa kizuizini. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikafutwa.

Hatuyakumbushi haya ili kujisifu. Tunauliza: uwakili ulionunuliwa kwa gharama hiyo unatunzwaje leo katika nchi yetu ya majani chai?

Sheria ya Mawakili, Sura ya 16, iko wazi. Haitoshi jina la mtu kuandikwa katika Daftari la Mawakili. Ni lazima awe na cheti cha mwaka ule ule, na cheti hicho hufa mwaka unapokwisha. Asiye nacho, hata awe na joho na nywele nyeupe, mbele ya sheria si mtu wa kumwakilisha mwenzake. Ni kama taa isiyo na mafuta: umbo lipo, mwanga haupo.

Wako waliolala kwa sababu za heshima. Huyu aliugua, yule alilea watoto, mwingine aliingia siasa au biashara. Hao hatuwalaumu. Tunaowalaumu ni wale ambao vyeti vyao vimekufa nao wangali wanapokea ada ya mjane. Mchukulieni mkulima wa Konoin aliyeweka rehani shamba lake la chai. Mwaka 2009, katika kesi ya Benki ya Taifa dhidi ya Wilson Ndolo Ayah, Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa hati ya rehani iliyoandikwa na wakili asiye na cheti ni batili. Kwa miaka kadhaa watu wasio na hatia waliishi wakihofia kuwa hati zao ni makaratasi matupu.

Wako watakaotujibu kwamba jambo hilo lilikwisha mwaka 2015, Mahakama ya Juu ilipoamua katika kesi ya Benki ya Taifa dhidi ya Anaj Warehousing kuwa hati haifi kwa kosa la aliyeiandika. Tunawaambia hawakuisoma hukumu vyema. Mahakama iliikinga hati na kumkinga mwananchi, haikumsamehe wakili. Adhabu ya sheria ingali inamwelekea yeye. Asiyejali hilo anamfanya mteja wake ngao.

Basi arudiye na arudi, na njia ipo. Ambaye cheti chake kimekwisha juzi hulipa ada za mwaka, huonyesha kwamba amehudhuria masomo ya kuendeleza taaluma, kisha huomba cheti kwa Msajili. Aliyekaa miezi 12 au zaidi bila cheti, mlango wake ni mwembamba zaidi: hutoa taarifa mapema, na Msajili aweza kumpa, kumnyima, au kumpa kwa masharti. Aliyefutwa katika Daftari kwa utovu wa nidhamu huhitaji pendekezo la baraza la nidhamu na amri ya Jaji Mkuu. Tunakubali kwamba ni haki njia hizi zitofautiane, kwani aliyesinzia si sawa na aliyeiba.

Lakini palipo na uwezo wa kutoa au kunyima, pana hatari. Sisi tulioishi chini ya chama kimoja twajua jinsi kibali kinavyogeuzwa hatamu. Kwa hiyo tunadai mambo matatu.

Kwanza, majina ya mawakili wenye vyeti vya mwaka yabandikwe katika mahakama za Kericho, Bomet na Sotik, na yasomwe makanisani kila Januari. Chama cha Mawakili huyaonyesha katika mtandao, lakini mama anayepeleka majani kituoni alfajiri hana nafasi ya kuyatafuta huko.

Pili, anayenyimwa cheti apewe sababu kwa maandishi na kwa wakati. Hilo si ombi la hisani. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki hiyo.

Tatu, wanaorudi baada ya miaka mingi wawekewe sharti lenye faida kwa umma: wachukue kesi za wasiojiweza chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016. Hivyo watajifunza upya, na maskini atapata mtetezi.

Hapa kwetu kazi haikosi. Watalai walifukuzwa kwa sheria ya kikoloni ya mwaka 1934 wakapelekwa Gwassi. Mwaka 2019 Tume ya Taifa ya Ardhi ilikubali kwamba wao na Wakipsigis wengine walidhulumiwa. Dhuluma ya zaidi ya miaka 85 haiponyeki kwa hotuba za mikutano ya hadhara. Yahitaji watu wa kuandika hati, kutafuta ushahidi na kusimama mahakamani wakiwa na vyeti vilivyo hai.

Nawe mwananchi, una wajibu wako. Kabla hujatoa shilingi, omba kuona cheti cha mwaka huu. Wakili mwaminifu hatakasirika. Atakayekasirika amekwisha kukujibu.

Na wewe wakili uliyelala, uliyesomeshwa kwa harambee na kwa bonasi ya chai ya wazazi wako, amka. Lipa ada yako, keti darasani, omba cheti chako, ukubali masharti. Usipenyeze dirishani. Watu waliokusomesha wangali wanakungoja mlangoni.