Bunduki Mbaya Kuliko Zote ni Ipi?

Wiki iliyopita niliahidi kuwaletea visa vya wachuma chai wa Lupembe na barua zao za mapenzi. Mniwie radhi, mapenzi hayaozi, yatasubiri. Jumamosi nilikaa kilabuni hapa kwetu Matembwe, ulanzi wa masika umekolea vizuri, nikasikia mabishano ambayo sijapata kuyasikia tangu nizaliwe. Wazee wanne, wote wamewahi kushika bunduki kihalali, wanagombania ipi ni mbaya kwa sura, ipi inasifiwa bure, na ipi hata haieleweki aliyeitengeneza alikuwa anawaza nini.

Chanzo ni nguruwe pori. Mahindi yamebeba, na wao wanajua kalenda kuliko bwana shamba. Usiku wanashuka kutoka msituni, asubuhi unakuta shamba limelala kama limepitiwa na trekta. Jirani yetu mmoja, kijana wa rika langu, akaropoka kwamba angekuwa na SMG angewamaliza wote kwa dakika moja. Hapo ndipo mzee aliyekwenda vitani Uganda mwaka 1979 alipoweka kopo lake chini.

"Wewe unaijua SMG ya kibanda umiza," akamwambia. "Ile shujaa anapiga kutwa nzima na risasi haziishi. Kwanza hiyo ni silaha ya jeshi, raia hapewi. Pili, ukiiachia mfululizo, risasi ya kwanza inakwenda kwa adui, zinazofuata zinakwenda kutafuta ndege."

Kwa wasiojua, SMG ndilo jina letu Watanzania la ile bunduki ya Mrusi Kalashnikov, marehemu tangu 2013. Jeshi la Kisovieti liliipokea mwaka 1949, na jirani zetu Msumbiji wameiweka hadi kwenye bendera ya taifa tangu 1983. Mzee hakatai kwamba ni ngumu. Itumbukize kwenye tope, itoe, italia. Anachokataa ni watu kuifanya kama ina uchawi. Na alipoulizwa kitu kibaya kwa sura alichokiona vitani, hakutaja bunduki kabisa. Alitaja lile lori lenye mabomba 40 mgongoni, BM-21, lililowatoa mbio askari wa Idi Amin hadi wao wenyewe wakalibatiza jina la Saba Saba. "Lilikuwa kama gari la fundi bomba," alisema, "lakini likianza kuongea, hata sisi wenyewe tulikuwa tunainama."

Mzee wa pili alifanya kazi Selous miaka mingi, kusoma nyayo kwa kampuni ya uwindaji. (Sehemu kubwa ya Selous siku hizi ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, tangu 2019.) Huyu yeye chuki yake iko kwenye zile raifo za Waingereza zenye mitutu miwili, zilizochongwa maua na tembo kwenye chuma. Bei yake, anasema, ni nyumba ya bati pamoja na lori la kubebea mbao. Risasi ngapi ndani? Mbili. "Mgeni anamkosa nyati mara mbili, halafu anakugeukia wewe mwenye rungu." Nikamkumbusha kwamba hata Rais Roosevelt wa Marekani alipokuja kuwinda Afrika Mashariki mwaka 1909 alikuja na moja ya Holland & Holland, na watu wanaoziamini wanasema ile ya pili inatoka haraka kuliko kuvuta bolti, na nyati akiwa hatua kumi hakupi nafasi ya kuvuta chochote. Mzee akacheka. Kwake yeye raifo ya bolti ya kawaida, isiyo na ua hata moja, ndiyo iliyomrudisha nyumbani akiwa na miguu miwili.

Mimi nami nikachangia, maana nilisoma mpaka kidato cha nne na vitabu vya vita ndivyo vilivyonifelisha hesabu. Niliwaeleza kuhusu Liberator, bastola ambayo Wamarekani waliitengeneza mwaka 1942, kama milioni moja hivi, ili wawadondoshee wananchi wa nchi zilizokaliwa na maadui. Inabeba risasi moja tu. Ukishapiga, unatafuta kijiti, unasukuma ganda litoke, unaweka nyingine. Dhana yenyewe ilikuwa umpige adui mmoja kwa karibu kisha uchukue bunduki yake nzuri. Wazee walinyamaza kidogo. "Na ukimkosa?" akauliza mmoja. Hilo swali sina jibu lake mpaka leo. Tukataja na Sten ya Waingereza, ya mwaka 1941, bomba lenye magazini ubavuni kama mkono uliovunjika, na zile bunduki za Mau Mau kule Kenya, bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa kuvuta. Mbaya kwa sura zote, lakini hizo za Mau Mau nazitoa kwenye shindano. Mtu hachekwi kwa alichotengeneza msituni bila kiwanda.

Basi tukafika kwenye gobore, na hapo ndipo nilipoanza kukaa vibaya, kwa sababu mzee wa nne ni babu yangu mzaa mama.

Gobore lake, jamani, ni baya. Siwezi kulipamba. Mtutu mrefu kama mwanzi wa ulanzi, kitako kimepasuka kikafungwa waya na mpira wa baiskeli, na kutu imetengeneza ramani. Kulipiga ni ibada. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu, unaweka kitambaa, unashindilia kwa mdeki, unaweka marisawa, unashindilia tena, halafu fataki kule nyuma. Hapo nguruwe ameshamaliza matuta mawili. Ukivuta, kuna kimya kidogo, kisha mlio ambao mbwa wa kijiji kizima wanauitikia, kisha moshi. Moshi huo unakufunika wewe mwenyewe, hujui umepata au umekosa mpaka upepo upite.

Yule askari wa Uganda akasema silaha inayomwonyesha mwenye nayo alipo ni silaha ya adui. Na hapa ana ushahidi wa historia. Wajerumani walipopigana na Waingereza Tanga, Novemba 1914, askari wengi wa Lettow-Vorbeck walikuwa bado na Mauser ya mwaka 1871, ya risasi moja moja na baruti ya moshi. Kila mlio, wingu jeupe. Walishinda hata hivyo, na wakaokota bunduki za kisasa za kutosha makombania matatu pamoja na bombomu 16, wakabadilisha. Vita hiyo hiyo ilifika mpaka hapa jirani Lupembe, Novemba 1916, kwa hiyo moshi huo mababu zetu hawakuusoma kitabuni.

Babu alisikiliza yote. Halafu akasema neno moja: "Mimi sijawahi kwenda Tanga. Nguruwe hapigi risasi." Kilabu kizima kikaangua kicheko. Akaendelea kwamba katika maisha yake yote na lile gobore, nguruwe aliowaua hawafiki vidole vya mkono mmoja. "Nguruwe hauawi kwa gobore. Anatukanwa. Ule mlio ni tusi, hawarudi wiki nzima."

Sasa msomaji wangu, kwenye vidole ndipo palipouma. Nikiwa darasa la tano, mzee mmoja wa kitongoji chetu alizidisha baruti, mtutu ukapasuka, vidole viwili vikabaki shambani. Mama yangu ndiye aliyemfunga kanga mkononi. Tangu siku hiyo mama halipendi gobore la baba yake, na tangu babu aanze kuona ukungu jicho la kulia, halipendi zaidi. Mwezi uliopita alimkuta anapima baruti kwa kugusa. Kwa kugusa!

Mama alitaka mimi nilichukue. Wengi vijijini wanadhani hivyo, kwamba bunduki unairithi kama jembe. Siyo. Leseni ni ya mtu, siyo ya ukoo. Mwenye nayo akifariki au akishindwa, silaha inakwenda polisi, na anayeitaka anaanza kuomba mwenyewe, kuanzia serikali ya kijiji na kupanda. Sheria mpya ya mwaka 2015, iliyoifuta ile ya 1991, haitaki utani hapo. Kubaki nayo chini ya uvungu bila karatasi ni kesi, hata kama ni kuukuu kiasi gani. Nami nikisema ukweli wangu, sitaki kuomba. Naliogopa. Nimeshaona mdomo wa mtutu uliofunguka kama ua.

Nilimwambia babu njiani tukirudi, gizani, ili nisimwone usoni. Hakujibu mpaka tulipofika kwenye daraja. Akauliza tu, "Jumatatu basi la Njombe linapita saa ngapi?"

Jumapili alilisafisha. Alilipaka mafuta kama mtoto anayekwenda kubatizwa, akalifunga kwenye koti lake la mvua, akaweka leseni kwenye mfuko wa shati. Alilibeba mwenyewe, mimi nilibeba chakula. Kituoni askari aliyelipokea alikuwa kijana, aliligeuza geuza akauliza, "Mzee, hiki nacho kinalia?" Babu akamwambia, "Kilikuwa kinatukana." Kijana hakuelewa, akaandika kwenye kitabu.

Jioni nilimletea debe tupu na kipande cha nondo, nikamwonyesha jinsi nitakavyolinda shamba. Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Babu akasikiliza, kichwa upande, kama mwalimu wa kwaya.

"Hapo," akasema, "nguruwe watacheza."

Wiki ijayo wachuma chai, bila kukosa. Nikikosa, mjue niko shambani na debe langu.