T6 ndiyo nini? Tudai namba nzima

Hebu pita Kariakoo, au Luthuli Avenue kama uko Nairobi, uangalie maboksi ya tochi. Mengi utakuta yameandikwa "T6". Mengine "XML-T6", mengine "T6 Super". Muulize muuzaji T6 maana yake nini. Atakujibu: "Hiyo ndiyo kali, bosi." Kali kwa kipimo gani? Maongezi yanaishia hapo.

Ndugu msomaji, T6 si jina la tochi. Si jina la kampuni wala si sifa. Ni kipande kilichokatwa kutoka kwenye namba ndefu ya kiwandani. Namba nzima ina maana, tena inasomeka. Kipande peke yake kinabaki kuwa tangazo tu. Msimamo wangu leo ni huu: tuache kununua vipande, tudai namba nzima.

Tuanzie kiwandani. Chipu za LED zenye nguvu hutengenezwa nyingi kwa mpigo, lakini hazitoki sawa. Nyingine zinang'aa zaidi, nyingine zina weupe wa kibluu, nyingine weupe wa njano kidogo. Kiwanda hakizitupi, kinazipima moja moja na kuzipanga madaraja. Hili halipaswi kutushangaza sisi watu wa nchi za kahawa. Kahawa yetu nayo hupangwa AA, AB, PB. Na kama ujuavyo, AA inakwambia ukubwa wa punje tu, haikwambii kikombe kitakuwa kitamu kiasi gani. T6 iko hivyo hivyo. Inakwambia jambo moja na kunyamazia mengine.

Sasa tuchukue namba yenyewe. Kampuni ya Cree ya Marekani ilitoa LED ya XM-L mwaka 2010, na moja ya namba zake za kuagizia ni hii: XMLAWT-00-0000-0000T6051. Inatisha kuitazama, lakini tuivunje. XML mwanzoni ni familia. WT ni nyeupe. T6 ni daraja la mwanga. Tarakimu za mwisho, 051, ni kundi la rangi, yaani weupe wa aina gani. Basi. Zile sifuri za katikati hazimsumbui mnunuzi.

Na T6 ni mwanga kiasi gani? Kwenye karatasi ya vipimo ya XM-L, T6 ni angalau lumeni 280 ikipewa umeme wa miliampia 700, chipu ikiwa na nyuzijoto 25. Daraja la juu yake, U2, ni lumeni 300. Tofauti ni lumeni 20, kama asilimia 7. Jicho la binadamu halitaiona tofauti hiyo barabarani usiku. Ukiambiwa uongeze hela kwa sababu "hii ni U2", jua unachoongezea.

Kuna jambo jingine. XM-L2 iliyofuata ilipimwa chipu ikiwa na nyuzijoto 85, ambayo ni karibu zaidi na hali halisi ndani ya taa iliyowaka. LED hupoteza mwanga inapopata joto. Kwa hiyo T6 ya XM-L2 na T6 ya XM-L zina lumeni 280 zote mbili kwenye karatasi, lakini si sawa zikiwa kazini. Ukikata herufi zinazotangulia, habari hiyo imepotea.

Kila kampuni ina lugha yake. Lumileds kwenye Luxeon Rebel huandika LXML-PWC1-0100. Hiyo 0100 ni lumeni 100 za chini kabisa kwa miliampia 350. Rahisi, siyo? Lakini angalia LXML-PR01-0425. Hii ni bluu iliyokolea, na 0425 si lumeni, ni miliwati za mwanga. Sababu ni kwamba lumeni hupima kile jicho linachokiona, na jicho letu ni dhaifu kwenye bluu ya namna hiyo. Tarakimu ziko pale pale, kipimo kimebadilika. Bridgelux nao wana BXRC-30E4000: 30 ni kelvini 3,000, yaani mwanga wa njano wa sebuleni, E ni uwezo wa kuonyesha rangi wa 80 kwenda juu, 4000 ni lumeni za kawaida.

Hata taa ya nyumbani kwako ina hizi habari. Ukiona 865 kwenye taa, ile 8 ni uwezo wa kuonyesha rangi kuanzia 80, na 65 ni kelvini 6,500, weupe mkali. 830 ni kelvini 3,000. Na zile taa za mkanda ambazo vijana wanabishana kwamba 5050 ni kali kuliko 2835 kwa kuwa namba ni kubwa? Hizo ni vipimo vya umbo: milimita 5.0 kwa 5.0, na 2.8 kwa 3.5. Ni sawa na kubishana injini ipi ina nguvu kwa kupima urefu wa gari.

Turudi kwenye tochi. Utakuta boksi limeandikwa "T6, lumeni 10,000", ndani kuna LED moja na betri moja ya 18650. XM-L haitakiwi kupewa zaidi ya ampia 3, ambazo ni kama wati 10, na hapo hutoa karibu lumeni 1,000. Lumeni 10,000 kwa ufanisi huo zingehitaji wati 100. Betri nzuri ya 18650 ina kama wati-saa 12. Hata kama ingekubali kutoa wati 100, ingeisha ndani ya dakika saba hivi. Hesabu hii haihitaji shahada. Boksi limejikanusha lenyewe, ila hakuna aliyelisoma.

Kuna atakayesema, "Kaka, tochi tu hiyo, mbona unapaniki?" Sawa. Lakini taa hizi hazimuliki njia ya chooni tu. Wavuvi wengi wa dagaa Ziwa Victoria wameacha karabai wakaingia kwenye LED, na dagaa hawaji kwa sababu boksi limeandikwa T6. Muuguzi wa zahanati isiyo na umeme wa uhakika anatafuta mshipa kwa taa hiyo hiyo. Kwake yeye kilichokatwa ndicho muhimu kuliko T6, kwa sababu rangi na uwezo wa kuonyesha rangi ndivyo vinavyomfanya aone ngozi na damu ilivyo. Tunamuuzia ung'avu bila kumwambia rangi.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hatulifikirii. Namba ile nzima haijachapwa juu ya LED yenyewe. Iko kwenye kibandiko cha gurudumu la mkanda ambamo LED husafirishwa kutoka kiwandani. Mtengeneza tochi akishazibandua na kuzichomelea, namba inabaki kwenye gurudumu tupu. Ukifungua tochi na kukodolea chipu macho, hutaliona daraja lake. Kwa hiyo namba ikikatwa kwenye karatasi, imekatwa moja kwa moja. Fundi wako hawezi kuirudisha.

Ndiyo maana nasema mzigo huu si wa mnunuzi peke yake. TBS na KEBS wangeweza kudai mambo mawili tu kwenye boksi la taa yenye nguvu inayoingia nchini: namba kamili ya LED na kiasi cha umeme inachopewa. Aliyenunua magurudumu yale anazo habari hizo tayari. Haitamgharimu zaidi ya wino.

Najua pingamizi mbili zitakuja. Ya kwanza: wa feki wataandika namba kamili ya uongo. Wataandika, ndiyo. Lakini uongo uliokamilika unaweza kukamatwa. Ukiandika namba nzima na ampia 3, fundi mwenye mita ya elfu ishirini atapima na kukuumbua. Ukiandika "T6 Super", atakuumbua kwa lipi?

Ya pili: mwananchi wa kawaida hatasoma. Kweli, wengi hatutasoma. Namba ya toleo kwenye dawa nayo hatuisomi, lakini dawa ikileta matatizo ndiyo inayotumika kuisaka sokoni. Mtaa mzima hauhitaji kujua. Anatosha fundi mmoja anayejua kusoma, na kitu cha kusoma.

Na sisi waandishi tusijitoe. Mara ngapi tumeandika habari ya mradi wa taa za barabarani, "taa za kisasa za LED zenye nguvu kubwa", tukanakili kama tulivyosomewa kwenye sherehe ya uzinduzi? Siku nyingine mmoja wetu anyooshe mkono aulize: namba kamili ya LED hizo ni ipi, na zinapewa umeme kiasi gani? Mkandarasi akiwa nazo atazitaja. Asipokuwa nazo, habari ya siku umeshaipata.

Nawe ukisimama dukani wiki hii ukaambiwa "hii ni T6", usigombane na mtu. Uliza tu: T6 ya LED gani?